Kidole Kwenye Wino: Nani Asaini kwa Mgonjwa Asiyeweza?

Siku ile, katika lupango yetu, yaani kiwanja chetu chenye nyumba, mtaa wa Katuba, Lubumbashi, nchini Kongo, palikuwa na meza ya plastiki, kikopo cha wino wa buluu, karatasi tatu zilizochapwa kwa Kifaransa na watu saba. Wa nane alikuwa Papa Mukubwa, kaka wa marehemu baba yangu, ameketi chini ya mwembe. Mkono wake wa kuume ulikuwa umekufa tangu kiharusi kimwangushe msimu wa mvua uliotangulia, na maneno yakaondoka pamoja nao. Alibaki na neno moja tu, "ndiyo", na alilitumia kwa kila kitu: kuomba maji, kufukuza kuku, kukataa dawa.

Mnunuzi alikuwa amekuja na dola zake ndani ya mfuko mweusi. Binamu yangu mkubwa, tunayemwita Yaya, akashika kidole gumba cha mkono wa kushoto wa baba yake ili akichovye kwenye wino. Mzee akakunja ngumi. Yaya akajaribu kuifungua polepole, kama unavyofungua kiganja cha mtoto aliyeokota wembe.

"Muache, anaelewa," Mama Mukubwa akasema.

Mnunuzi akacheka kidogo. "Mama, huyu hana tena na akili. Kwa sheria, batoto ndio benye lupango sasa."

Kauli ile moja ilibeba makosa mawili ambayo nimeyasikia tangu hapo katika mitaa mingine ya mji wetu, Kenya, Ruashi, Kamalondo, kila mahali penye mgonjwa na mali. Kosa la pili ni jepesi: mtu aliye hai harithiwi. Watoto wa Papa Mukubwa hawakuwa na lupango yoyote, walikuwa na matumaini ya lupango. Kosa la kwanza, kwamba mgonjwa hana tena uwezo kisheria, ndilo lenye kazi.

Tuanze mbali kidogo, mwaka 1888. Tarehe 30 Julai mwaka huo, wakati nchi hii ikiitwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ilitolewa dikrii ya mikataba ambayo mahakama zetu zinaitumia hadi leo. Inasema kwamba kila mtu anaweza kufunga mkataba isipokuwa yule ambaye sheria imemtangaza kuwa hana uwezo. Tazama mpangilio wa maneno. Uwezo ndio kawaida, na kukosa uwezo ndiko kunakohitaji kutangazwa.

Nani basi ametangazwa? Jibu liko katika Kanuni ya Familia, sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 215. Kinataja makundi matatu. Watoto, yaani wale ambao hawajatimiza miaka 18. Watu wazima wenye ugonjwa wa akili ambao wamewekewa kile ambacho Kifaransa cha mahakamani kinakiita interdiction. Mimi nitakiita kufungiwa kisheria. Na watu wazima wenye akili dhaifu, wafujaji mali, au waliodhoofishwa na uzee au maradhi, ambao wamewekwa chini ya msaada wa mtu anayeitwa curateur. Neno la kukazia macho ni hilo "wamewekwa". Kati ya mgonjwa na mtu asiye na uwezo kisheria kuna faili, kuna hakimu na kuna hukumu. Mtu anaweza kuwa ametembea bila nguo sokoni wiki nzima. Kama hakuna hukumu, mbele ya sheria bado ni mtu mzima kamili.

Kwa hiyo mnunuzi wetu alikosea. Lakini je, kama Papa Mukubwa alikuwa bado na uwezo kamili, kidole chake kingetosha?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Dikrii ile ya 1888 inadai mambo manne ili mkataba usimame: ridhaa, uwezo, kitu kinachojulikana na sababu halali. Ridhaa na uwezo ni vitu viwili. Uwezo ni hali ya mtu, kama umri wake au uraia wake. Anatembea nao popote. Ridhaa ni ya tendo hili, saa hii, meza hii. Mtu mwenye uwezo mtimilifu aliyelewa chakari, au aliye katika homa kali ya malaria anayeongea na marehemu bibi yake, anaweza asiwe na ridhaa jioni ya leo na akawa nayo kesho asubuhi. Alama ya kidole inathibitisha kwamba kidole kilikuwepo. Kama mwenye kidole aliridhia, alama haisemi.

Mtu atauliza: kama mauzo ya namna ile ni batili, hofu ya nini? Hofu ni muda. Chini ya sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali, na haki ya kuitumia inathibitishwa na cheti cha kusajiliwa, kile tunachokiita tu "certificat". Cheti hicho kikishapita miaka miwili tangu kitolewe, hakigusiki tena. Anayelalamika anabaki kudai fidia ya pesa kwa aliyemdhulumu. Miaka miwili inaisha haraka katika familia inayouguza mtu. Kwanza mnashughulika na dawa, halafu mazishi, halafu ugomvi wa mazishi, na mnapokuja kukumbuka karatasi, mnunuzi ameshajenga ghorofa.

Familia ikishaambiwa kidole hakitoshi, hatua inayofuata Lubumbashi ni moja: "Tufanye procuration." Wakala. Mzee ampe mtoto mmoja mamlaka ya kusaini badala yake. Ni wazo zuri likija mapema, na ni wazo bovu likija wakati tunaolikumbuka. Kutoa wakala ni mkataba pia, kwa hiyo anayeutoa lazima aelewe anachotoa. Huwezi kuponya karatasi isiyo na ridhaa kwa karatasi nyingine isiyo na ridhaa. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mamlaka hayo ya wakala hufa siku anayeyatoa anapofungiwa kisheria. Ndugu anayekimbilia mahakamani kumfungia baba yake ili aimarishe procuration yake, anaiua kwa mkono wake mwenyewe. Waingereza waliona shida hiyo, na sheria yao ya mwaka 2005 ikaunda wakala wa aina ya pekee ambao, ukisajiliwa, unaendelea kuishi hata mwenye kuutoa akipoteza uwezo wa kuamua. Wafaransa nao wakafanya linalofanana na hilo mwaka 2007. Wa kwetu wa kawaida unafaa mzee anapoanza kusahau majina lakini bado anajua mali yake iko wapi na anamwamini nani. Hapo aende kwa notari, yaani ofisa wa kuthibitisha hati, aeleze kwa mdomo wake anachotaka, aandike mipaka: kupokea kodi ya nyumba ndiyo, kuuza hapana.

Muda huo ukishapita, zinabaki njia mbili za mahakamani.

Ya kwanza ni kufungiwa. Inaombwa kwa mtu ambaye hali yake ya kawaida, si ya siku moja, ni ugonjwa wa akili uliomwondolea utambuzi. Mwenzi wa ndoa anaweza kuiomba, ndugu anaweza, na pia mwendesha mashtaka wa Serikali, watu wa parke, wanaweza. Hukumu ikitoka, mhusika anafanana kisheria na mtoto: anawekewa mlezi, tuteur, anayesaini mahali pake. Hawezi kufunga ndoa maadamu hali hiyo inaendelea. Mlezi naye si mfalme. Nyumba na ardhi haviuzi bila ruhusa ya mahakama, na ana hesabu ya kutoa. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimeona walezi wanaodhani hukumu ni zawadi.

Ya pili ni ile ya curateur, na binafsi ninaona ndiyo inayosahaulika bila sababu. Curateur hachukui nafasi ya mtu. Anasimama kando yake. Mambo mazito, kama kuuza, kuweka rehani, kukopa au kwenda kushtaki, yanahitaji saini mbili: ya mwenyewe na ya msaidizi wake. Mengine yote yanabaki mikononi mwa mwenyewe. Ananunua unga wake, anachagua kanisa lake, anagombana na jirani yake. Sheria inaitaja njia hii wazi kwa waliodhoofishwa na uzee au maradhi, yaani kwa watu kama Papa Mukubwa.

Kwa nini basi familia nyingi zinaomba ya kwanza? Sehemu ni kwa sababu ni neno wanalolijua. Sehemu nyingine, tuambiane ukweli, ni kwa sababu katika ya pili mzee bado anaweza kukataa.

Kuna kundi ambalo halizungumzwi: wazazi wenye mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa akili. Miaka 17 wanamsainia kila kitu, shuleni, hospitalini, bila mtu kuuliza. Siku anapotimiza 18, mamlaka yao ya uzazi yanakoma, ingawa nyumbani hakuna kilichobadilika. Bado anahitaji kufungiwa vifungo vya shati. Mama anafika benki na anaambiwa mtoto aje mwenyewe. Heri kuanza kuzungumza na avoka, yaani wakili wa mahakamani, mwaka mmoja kabla.

Sasa swali lililo chini ya yote: utajuaje kwamba mtu hawezi kuamua? Cheti cha daktari peke yake hakijibu. Cheti kinataja ugonjwa, na ugonjwa mmoja una watu tofauti ndani yake. Hapa kwetu kuna kituo cha magonjwa ya akili chenye jina la Joseph Guislain, yule daktari wa Ghent wa karne ya 19 aliyekataa wagonjwa kufungwa minyororo, ukienda huko au kwa daktari mwingine yeyote, usimuulize tu "Anaumwa nini?" Muulize kuhusu uamuzi unaohitajika. Sheria ile ya Waingereza ya 2005 imeyaweka maswali vizuri, na hayahitaji kuvuka bahari ili yafae. Je, anaelewa habari inayohusu uamuzi huu? Anaweza kuishika kichwani muda wa kutosha kuamua? Anaweza kuipima, huku na huku? Anaweza kuonyesha jibu lake kwa njia yoyote, hata kwa kukonyeza jicho? Akishindwa moja, hawezi kuamua jambo hilo, kwa wakati huo. Halafu sheria hiyo inaongeza kitu ambacho ningependa kibandikwe kwenye kila mlango wa baraza la familia: uamuzi wa kipumbavu peke yake si ushahidi wa kukosa akili.

Fikiria mjane anayempa mchungaji nusu ya pensheni ya mumewe. Fikiria mzee wa miaka 75 anayetaka kuoa msichana wa Kipushi. Watoto wanasema amerukwa na akili, na wanakumbuka ghafla neno "mfujaji" lililomo katika kifungu cha 215. Huenda mzee anakosea. Lakini kukosea na mali yako ni haki ya mtu mzima. Watoto wake wenyewe wanaitumia kila wikendi. Mahakama inapaswa kutafuta kama anaelewa, si kama anawapendeza.

Tena historia yetu inatudai tuwe waangalifu na neno hili "hana uwezo". Kanuni ya 1987, katika kifungu kilekile, iliongeza kwamba uwezo wa mwanamke aliyeolewa una mipaka, na mke alihitaji idhini ya mumewe ili afanye matendo ya kisheria. Profesa wa chuo kikuu, mfanyabiashara wa Kasumbalesa, wote. Ilikuwa hivyo mpaka sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 ilipoiondoa idhini hiyo. Ubongo wa wanawake wa Kongo haukubadilika tarehe 15 Julai. Kilichobadilika ni nani anayeaminiwa kuamua.

Na mabadiliko ya namna hiyo yameanza kuwafikia wagonjwa pia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006, na Kongo ikajiunga nao mwaka 2015. Kifungu chake cha 12 kinasema watu wenye ulemavu, wa akili wakiwemo, wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na kwamba kazi ya Serikali ni kuwapa msaada wa kuutumia. Mwaka 2014 kamati inayosimamia mkataba huo iliufafanua bila kupindisha: mifumo ya mtu mmoja kuamua badala ya mwingine iondoke, na mahali pake ije mifumo ya kumsaidia mtu aamue. Peru ilifuta kufungiwa kwa watu wazima wenye ulemavu mwaka 2018, Kolombia mwaka 2019. Cha kuchekesha, kama ni cha kuchekesha, ni kwamba neno interdiction tulilitoa kwa Wabelgiji na Wafaransa, na wao wameshalitupa: Ufaransa mwaka 1968, Ubelgiji kwa sheria ya 2013. Lubumbashi bado tunalivaa kama koti la mzungu aliyeondoka zamani.

Kwetu, sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu, na Katiba, kifungu cha 49, inawaahidi wao na wazee ulinzi wa pekee. Kuna sadfa moja inayopendwa na mawakili. Kifungu cha 215 cha Kanuni ya Familia ndicho kinachoorodhesha wasio na uwezo. Kifungu cha 215 cha Katiba ndicho kinachosema mikataba ya kimataifa iliyofungwa kihalali na kutangazwa iko juu ya sheria za nchi. Avoka mwenye akili anaweza kusimama mbele ya hakimu na kuzigonganisha hizo 215 mbili.

Je, msaada unatosha daima? Mimi si muumini wa jibu rahisi. Mtu aliye katika koma hasaidiwi kuamua. Lazima mtu mwingine aamue. Kamati yenyewe inakiri kwamba kuna hali kama hizo, na inasema hapo kinachofuatwa kiwe tafsiri bora ya matakwa yake: alisema nini alipokuwa mzima, aliishije, alichukia nini. Ni tofauti ndogo kwa maneno, kubwa kwa vitendo. Swali la "nini kinamfaa Papa?" linajibiwa na Yaya. Swali la "Papa angesema nini?" linamlazimu Yaya amkumbuke baba yake.

Kuhusu gharama: usidhani mahakama ni ya wenye pesa tu. Sheria ya mawakili ya mwaka 1979 inataka kila baraza la mawakili liwe na ofisi ya ushauri wa bure, na asiye na kitu anaweza kupewa avoka wa pro deo, yaani wa bure, akileta cheti cha umaskini. Na kama hakuna ndugu anayeweza au anayetaka kuomba, parke inaweza kuanzisha yenyewe. Beba cheti cha daktari kilichoandikwa kwa maswali yale manne, beba karatasi za lupango na majina ya ndugu wote. Wakati mnangoja, andikeni barua kwa msajili wa hati za ardhi mkimjulisha hali ya mgonjwa, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Sijasema neno juu ya ulezi wa kweli wa mjini hapa, ule usiopita mahakamani kabisa: namba ya siri ya M-Pesa. Mpwa anayeijua namba hiyo ndiye tuteur, ndiye curateur, ndiye hakimu. Dawa yake ni ya nyumbani: watu wawili waijue, na daftari la kila kinachotoka lilazwe mezani mahali ambapo kila mtu analiona.

Avoka tuliyempata alikuwa kijana, viatu vimejaa vumbi jekundu. Hakufungua faili. Alikaa saa nzima na Papa Mukubwa chini ya mwembe, akamwomba Mama Mukubwa karatasi mbili. Kwenye moja akachora nyumba na pesa, na mtu anaondoka na begi. Kwenye nyingine akachora nyumba ileile, na vyumba viwili vya mbele vina funguo mlangoni: kupangisha. Akazieleza taratibu, kwa Kiswahili chetu, mara mbili. Mzee akasema "ndiyo" kwa zote, kama kawaida yake. Kisha kwa mkono wa kushoto akaisukuma ile ya begi mpaka ikaanguka chini, na juu ya ile ya funguo akaweka kikombe chake cha chai, isipeperuke.

"Turudie kesho," avoka akasema, "na tuzibadilishe upande, nione kama ni mkono tu umezoea."

Kesho yake upepo haukuwepo. Mzee aliitazama karatasi ya kushoto, akaitazama ya kulia, akanyanyua kikombe.